Nimepakia mahojiano ya utafiti kwenye programu ya unukuzi. Nifanye nini sasa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unahusu wafanyakazi wa ndani waliowahi kudhulumiwa na waajiri wao. Nina mahojiano 19, kila moja la saa moja hivi. Mawili ya kwanza niliyanukuu kwa mkono, na kila moja lilinila siku nzima. Mwenzangu akanionyesha programu ya akili unde, ya bure: unapakia sauti, na baada ya dakika chache inakurudishia maandishi. Nikapakia matatu. Jioni hiyo nikarudi kuisoma fomu ya ridhaa niliyowasomea wahojiwa wangu, nikakutana na sentensi niliyoiandika mwenyewe: "Sauti yako itasikilizwa na mtafiti na msimamizi wake tu." Tangu hapo sina amani. Je, nimevunja maadili? Yaliyobaki niyanukuu kwa mkono? Tena siku hizi mikutano yetu na msimamizi inaingiwa na roboti inayorekodi na kuandika muhtasari, na katika darasa ninalosaidia kufundisha wanafunzi wananirekodi. Sijui mpaka uko wapi.

Jibu: Marahaba. Nakujibu moja kwa moja kwa sababu umekaa na wasiwasi huu vya kutosha. Ndiyo, umetoka nje ya ahadi uliyowapa watu wale. Lakini utafiti wako haujafa, na mahojiano 14 yaliyobaki si lazima uyanukuu kwa mkono. Ipo njia ya kuitumia mashine bila sauti ya mtu kutoka nje ya kompyuta yako, nami nitakueleza. Kwanza tuyashughulikie yale matatu, maana hayo hayasubiri.

Usianze kwa kuifuta akaunti. Najua mkono unakimbilia hapo, lakini ukiifuta leo, kesho huna pa kushika utakapotaka kudai sauti zile zifutwe. Hakikisha kwanza kwamba sauti asilia unazo kwako. Kisha piga picha za skrini: jina la programu, aina ya akaunti, tarehe na saa uliyopakia kila faili, mipangilio ilivyo sasa, na masharti ya matumizi kama yanavyosomeka leo, kwa sababu masharti hayo hubadilishwa. Ingia kwenye mipangilio utafute ruhusa ya "kuboresha huduma" au "kufundisha modeli" (yaani kuzitumia sauti zako kuifunza akili unde yao), au jina jingine lenye maana hiyo. Katika akaunti za bure mara nyingi huwa imewashwa tangu mwanzo. Izime. Angalia kama kuna faili lenye kiungo cha kushirikisha wengine, na kama programu imeunganishwa na barua pepe, kalenda au hifadhi yako ya mtandaoni. Kata miunganisho hiyo. Sasa futa sauti na maandishi, kisha ingia kwenye pipa la taka la programu ufute na humo, maana programu nyingi huyaweka mafaili humo kwa siku kadhaa. Baada ya hapo waandikie watoa huduma. Taja mafaili kwa tarehe bila kumtaja mhojiwa yeyote, uombe wafute sauti, maandishi na alama yoyote ya sauti waliyotengeneza ili kumtambua msemaji, na wakuthibitishie kwa maandishi. Wakishajibu ndipo ufunge akaunti.

Siku hiyohiyo mwambie msimamizi wako, na pamoja naye mwiandikie kamati ya maadili ya utafiti. Wanafunzi wengi huogopa hatua hii kuliko zote, wakaamua kunyamaza. Nakusihi usinyamaze. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zote zinaipa taasisi saa 72 tangu ilipotambua uvujaji unaoweza kuwadhuru watu, iwe imemjulisha mdhibiti. Nchi nyingine zina sheria zao, Tanzania ikiwa na ya mwaka 2022. Kuamua kama tukio lako linafikia kiwango hicho si kazi yako. Ni kazi ya ofisi inayosimamia taarifa binafsi chuoni. Ila ofisi hiyo haiwezi kuamua juu ya jambo isilolijua. Nimekaa kwenye kamati za namna hii kwa miaka mingi. Mwanafunzi anayekuja mwenyewe na picha za skrini mkononi tunamsaidia kurekebisha. Aliyeficha mpaka tukaligundua wenyewe tunalazimika kujiuliza ameficha nini kingine.

Je, wahojiwa wenyewe waambiwe? Kwa maoni yangu waambiwe, na kamati ikusaidie kupanga namna. Usikimbilie kuwatumia ujumbe wa simu. Wahojiwa wako ni watu wanaoishi au waliowahi kuishi ndani ya nyumba za waajiri wao, na si ajabu simu ya mmoja wao ikashikwa na mtu mwingine. Ujumbe unaosema "kuhusu mahojiano tuliyofanya" unaweza kumletea madhara makubwa kuliko programu yenyewe. Tumia njia mliyokubaliana wakati wa mahojiano, sema na mtu mwenyewe kwa mdomo, mweleze kilichotokea na ulichofanya, umpe nafasi ya kuondoa mahojiano yake kwenye utafiti. Akiyaondoa, kubali bila kumbembeleza.

Sasa tuje kwenye kiini, yaani kinachotokea ukibonyeza kitufe cha kupakia. Sauti inasafiri hadi kwenye seva za kampuni, mara nyingi katika nchi nyingine yenye sheria nyingine. Kampuni hiyo huenda imekodi mitambo ya kampuni ya pili, na unukuzi wenyewe ukafanywa na modeli ya kampuni ya tatu. Nakala za akiba hubaki kwa muda. Na wakati mwingine binadamu husikiliza. Mwaka 2019 ilibainika kwamba wafanyakazi na wakandarasi wa Amazon, Google na Apple walikuwa wakisikiliza vipande vya sauti vilivyonaswa na visaidizi vya sauti vya kampuni hizo ili kupima usahihi wake. Apple ilisimamisha zoezi lake na mwezi Agosti mwaka huo ikaomba radhi. Agosti 2023 watumiaji wa Zoom waligundua kwamba masharti mapya yaliweza kusomeka kuwa kampuni ina haki ya kufundishia akili unde kwa maudhui yao, na baada ya malalamiko mengi kampuni ikayaandika upya na kutamka kwamba haitafanya hivyo. Sikutajii haya ili uamini kwamba kila kampuni ina nia mbaya. Nakutajia kwa sababu katika visa vyote viwili watumiaji hawakujua sauti zao zinapita wapi, na mhojiwa wako hana hata hiyo nafasi ndogo ya kusoma masharti. Aliyekubali masharti ni wewe, kwa niaba yake, bila kumwuliza.

Mara nyingi naambiwa, "Lakini Mwalimu, sikutaja majina." Sauti yenyewe ni utambulisho. Mama yako akikupigia kwa namba ngeni unamjua kabla hajamaliza kukusalimu, na mashine nazo zimejifunza kufanya hivyo. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha modeli iitwayo VALL-E, inayoweza kuiga sauti ya mtu baada ya kusikia sekunde 3 tu. Wewe umepakia saa 3. Ongeza na yaliyosemwa: alifika kwenye nyumba ile mwaka gani, watoto walikuwa wangapi, baba mwenye nyumba anafanya kazi gani. Mwajiri akisikia sentensi mbili atajua ni nani anayezungumza.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mtafiti wa mahojiano anapaswa kukijua, ingawa kilianza kabla ya zana hizi. Kati ya 2001 na 2006, mradi uliohifadhiwa Boston College, Marekani, ulirekodi simulizi za watu waliopigana katika mgogoro wa Ireland ya Kaskazini. Waliahidiwa kwamba kanda zao zingefungiwa mpaka wafe, nao kwa kuamini ahadi hiyo wakasema mambo ambayo hawakuwahi kumwambia mtu. Mwaka 2011 vyombo vya dola vya Uingereza vilizidai kanda hizo kupitia serikali ya Marekani, shauri likaenda mahakamani, na sehemu ya kanda ikakabidhiwa polisi. Mwaka 2014 mwanasiasa Gerry Adams alikamatwa, akahojiwa kwa siku kadhaa kuhusu mauaji ya mwaka 1972 ambayo amekana siku zote kuhusika nayo, akaachiwa bila mashtaka. Simulizi za mradi ule zilikuwa sehemu ya kilichoongoza uchunguzi. Watafiti wale hawakuwa wazembe. Waliahidi kitu ambacho sheria haikuwapa uwezo wa kukitimiza. Chuo kile kilikuwa na maktaba yenye kufuli na wanasheria wa kukitetea. Sauti zako ziko kwenye kampuni ambayo haina deni lolote la uaminifu kwa wafanyakazi wale wa ndani, na ikiletewa amri ya mahakama huenda hutajua kamwe.

Kwa hiyo, kabla ya kurekodi chochote, jiulize sauti hii italala wapi na nani ana ufunguo. Kama huna jibu, usirekodi bado.

Njia niliyokuahidi ni hii. Septemba 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa modeli ya unukuzi iitwayo Whisper na kuiachia wazi, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuishusha na kuitumia kwenye kompyuta yake bila kutuma kitu popote. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha inazozijua, ingawa si kwa ubora wa Kiingereza. Inakuja kwa ukubwa tofauti. Ndogo kabisa ina vigezo (namba za ndani ambazo modeli hujifunza) milioni 39 na itakimbia kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Kubwa ina bilioni 1.55 na hupendelea kompyuta yenye kadi ya michoro (GPU) yenye kumbukumbu ya takriban GB 10. Kwa Kiswahili ile ndogo haitakufaa, makosa ni mengi mno. Tumia ya kati au kubwa. Kama kompyuta yako ni dhaifu, iache ifanye kazi usiku kucha, faili moja moja. Zipo programu zinazoifunga Whisper ndani ya dirisha la kawaida lenye vitufe, huhitaji kuandika amri yoyote. Na kitengo cha TEHAMA chuoni kinaweza kukuwekea.

Ila tahadhari: kuna huduma za mtandaoni zinazotumia Whisper hiyohiyo kwenye seva zao, na jina likikudanganya utarudi kulekule ulikotoka. Kipimo ni rahisi. Ukishaiweka programu na kushusha modeli, zima intaneti kabisa kisha uiambie inukuu. Ikinukuu, kazi inafanyika ndani. Ikilalamika kwamba haina mtandao, acha. Na kabla ya kuuwasha mtandao tena, angalia folda uliyoweka sauti. Kompyuta nyingi siku hizi hunakili folda za mezani na za hati moja kwa moja kwenye hifadhi ya mtandaoni, na simu hufanya hivyo kwa rekodi za sauti bila mwenyewe kujua. Nimeona watafiti waangalifu kabisa, wenye kompyuta isiyoguswa na intaneti, huku simu waliyorekodia ilikuwa imeshapakia kila kitu jioni ya siku ileile. Kama unaweza kupata kinasa sauti kisichounganishwa na mtandao, kitumie. Hifadhi sauti kwenye diski iliyosimbwa kwa nenosiri, yaani isiyosomeka bila nenosiri hilo. BitLocker kwenye Windows na FileVault kwenye Mac hufanya kazi hiyo, na VeraCrypt ni ya bure. Orodha inayounganisha majina halisi na yale ya bandia isikae kwenye diski hiyohiyo.

Je, hii inaendana na sentensi yako ya "mtafiti na msimamizi wake tu"? Kwa usomaji wangu, ndiyo, kwa sababu hakuna sikio la tatu. Hata hivyo iandikie kamati maombi mafupi ya marekebisho, ukurasa mmoja, ili iwe kwenye kumbukumbu. Kama chuo chako kina mkataba na mtoa huduma wa unukuzi, hilo pia linaweza kukubalika kwa mahojiano yasiyo na hatari kubwa, mradi uingie kwa akaunti ya chuo. Programu ileile ukiifungua kwa akaunti yako binafsi, mkataba wa chuo haukulindi hata kidogo. Uliza ofisi husika mambo machache: mkataba unakataza sauti kutumika kufundisha modeli? Data inakaa nchi gani? Inafutwa baada ya siku ngapi? Wasipoweza kukujibu, chukulia kwamba jibu ni hapana. Kwa mahojiano kama yako, ya watu wanaoweza kudhuriwa, mimi nisingetumia seva ya mtu mwingine hata kwa mkataba.

Sasa usahihi, na hapa naomba uniazime masikio, kwa sababu unaweza kulinda siri zote na bado ukamdhulumu mhojiwa kwa kumwekea maneno mdomoni. Modeli hizi haziandiki kila zinachosikia kama karani. Whisper hukata sauti vipande vya sekunde 30, kisha kwa kila kipande hukisia neno linalofuata kutokana na sauti na maneno yaliyotangulia. Sauti ikipotea, ukisiaji hauachi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliofanywa kwa rekodi za wazungumzaji wakiwemo wenye matatizo ya usemi, uligundua kwamba takriban asilimia 1 ya vipande vilivyonukuliwa na Whisper vilikuwa na sentensi au virai ambavyo havikusemwa kabisa, na karibu asilimia 38 ya nyongeza hizo zilikuwa na maudhui ya madhara, mathalani ukatili au uhusiano wa uongo kati ya watu. Zilitokea zaidi kwa watu wanaonyamaza muda mrefu katikati ya maneno.

Fikiria wahojiwa wako. Mtu anayesimulia jinsi alivyopigwa hunyamaza. Hulia, hupumua, huanza sentensi akaiacha. Pale pale anapoelemewa ndipo mashine inaweza kujaza kimya chake kwa maneno yake yenyewe, na maneno hayo yanakuja yamenyooka, yana nukta na mkato, hayana alama yoyote ya kukuonya. Katika maandishi ya utafiti wako kimya kile ni ushahidi. Usikubali kifunikwe.

Lugha nayo ina mtego wake. Kwetu ukanushi umekaa mwanzoni mwa kitenzi, kwenye silabi moja nyepesi, na wengi hatuitamki kwa nguvu. "Hana kosa" ikipoteza pumzi ya kwanza inakuwa "ana kosa". "Hatukulipwa" ikimezwa kidogo inaandikwa "tukalipwa", na hapo mwajiri aliyedhulumu amegeuka kuwa mlipaji. Sentensi zote mbili ni Kiswahili safi, hivyo jicho linalosoma bila sikio halitashtuka. Tena, Whisper ikiachwa itambue lugha yenyewe huamua kwa sekunde 30 za kwanza. Kama mazungumzo yameanza kwa Kiingereza wakati mkisaini fomu, inaweza kulitafsiri au kuliandika kwa Kiingereza cha kubuni faili zima. Ichagulie Kiswahili mwenyewe. Anayechanganya Kiswahili na lugha ya kwao atapata makosa mengi zaidi, na hii si dosari ya Kiswahili peke yake: mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima mifumo ya kampuni 5 kubwa kwa Kiingereza cha Marekani, wakakuta wastani wa kiwango cha makosa ya maneno ni 0.35 kwa wazungumzaji weusi, yaani kama makosa 35 kwa kila maneno 100, na 0.19 kwa weupe. Mashine humsikia vibaya zaidi yule ambaye hata watu hawakuzoea kumsikiliza. Ndiye uliyemhoji.

Kwa hiyo kila faili lisikilize lote, mwanzo hadi mwisho, maandishi yakiwa mbele yako. Mimi saa moja ya sauti hunichukua kama saa tatu kuihakiki, na bado ni nafuu kuliko siku nzima. Acha alama za muda zibaki pembeni, ili kila nukuu utakayoiweka kwenye tasnifu uirudie kwenye sauti kabla haijachapwa. Zingatia vitenzi vyote vyenye ukanushi, tarakimu, majina, na kila sehemu yenye kimya. Pale usiposikia vizuri andika kwamba hapasikiki. Na muhtasari ambao programu hizi hukutengenezea mwishoni usiutumie kama data. Aliyeuandika hakuwepo chumbani. Vilevile usinakili maandishi yako na kuyabandika kwenye roboti ya mazungumzo ili "ikutafutie dhamira". Utakuwa umeipakia siri ileile kwa mlango mwingine.

Kama bado una mahojiano ya kufanya, fomu yako isome hivi, au karibu na hivi: "Mazungumzo yatarekodiwa kwa sauti. Yataandikwa kwa msaada wa programu iliyo ndani ya kompyuta ya mtafiti, bila intaneti. Watakaosikiliza ni mtafiti na msimamizi wake. Sauti itafutwa maandishi yakishahakikiwa. Unaweza kukataa kurekodiwa na bado ukashiriki. Nitaandika kwa kalamu. Nitalinda siri yako kwa kadiri sheria inavyoniruhusu." Sentensi ya mwisho wengi huiacha kwa kuogopa kumtisha mhojiwa. Iache ibaki. Na kifungu cha kalamu kimaanishe kweli: mtu akisema hataki kinasa sauti, kizime na ukiweke mfukoni mbele ya macho yake.

Kuhusu roboti ya mikutano, ugumu wake ni wa aina nyingine. Zana hizi huunganishwa na kalenda ya mtu mmoja, kisha huingia zenyewe kwenye kila mkutano uliomo, hata ule ambao mwenyewe hakuhudhuria. Zikimaliza, nyingi hutuma maandishi kwa kila aliyealikwa. Niliwahi kuwa kwenye kikao cha mtandaoni ambapo mwanafunzi alitoa maelezo yake kisha akaombwa atoke ili sisi tujadiliane. Yeye alitoka, roboti haikutoka. Jioni alipokea kwa barua pepe kila neno tulilosema juu yake, na baadhi yalikuwa makali. Hakuna aliyekusudia. Hakuna pia aliyeweza kuyarudisha.

Sheria za kurekodi mazungumzo hutofautiana sana. Sheria ya shirikisho ya Marekani huridhika na idhini ya mzungumzaji mmoja, jimbo la California hudai ya wote kwa mazungumzo ya siri, na Ujerumani kumrekodi mtu faraghani bila ruhusa ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 3. Mkutano wa mtandaoni unaweza kuwa na watu katika nchi tatu kwa wakati mmoja. Basi fuata kiwango cha juu: kila mtu aulizwe, na asiyetaka asilazimike kueleza sababu. Katika usimamizi hilo ni gumu, kwa sababu mwanafunzi hawezi kumkatalia mwalimu wake kwa uhuru kamili, na mwalimu anapaswa kulijua hilo kabla ya kuwasha. Lakini wewe una hoja isiyomvunjia heshima. Mwambie, "Mwalimu, fomu ya ridhaa inanibana, naomba tunapofika kwa wahojiwa tuizime roboti." Msimamizi mwema atakushukuru. Akisema tu iendelee, zungumza kwa majina ya bandia, usicheze sauti yoyote, wala usifungue maandishi kwenye skrini inayorekodiwa.

Darasani kuna nafasi zaidi, na naomba usiwe mkali. Kwa mwanafunzi asiyesikia vizuri, au mwenye ulemavu wa kusoma, au anayejifunza kwa lugha yake ya tatu, maandishi ya mhadhara ndiyo yanayomfungulia mlango. Uingereza, kwa mfano, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inavitaka vyuo vifanye marekebisho yanayofaa kwa wanafunzi wenye ulemavu, na ruhusa ya kurekodi ni mojawapo ya marekebisho ya kawaida. Kubaliana na mhadhiri mkuu wa somo kanuni ya wazi, itangazwe wiki ya kwanza: kurekodi kwa kujisomea kunaruhusiwa kwa kuomba, kusambaza hakuruhusiwi, na mwanafunzi mwenzao anapoeleza jambo lake binafsi vinasa sauti vyote vinazimwa. Kwenye semina, wanafunzi wanapojifunza kufikiri kwa sauti mbele ya wenzao, mimi sirekodi kabisa. Mtu anahitaji mahali pa kusema wazo bovu na kulibadilisha dakika tano baadaye.

Leo kabla ya kulala, zima unakili wa moja kwa moja kwenye simu uliyorekodia, na uangalie kama mahojiano 19 hayapo tayari kwenye hifadhi yako ya mtandaoni. Yakiwepo, piga picha ya skrini kabla hujafuta, na jambo hilo nalo uliweke kwenye barua ya kamati.